Waya wa Tatu kwenye Feni ya Mama Djibril

Revokatus alivushwa mpaka mara mbili maishani mwake. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1972, akiwa na miezi mitano, mgongoni mwa mama yake. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2008, akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, amekaa juu ya godoro ndani ya lori la wakimbizi waliokuwa wakirejeshwa Burundi. Kati ya safari hizo mbili alikulia Tanzania, katika makazi ya Mishamo, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akajifunza kazi ya umeme mjini Mpanda kwa fundi mmoja ambaye hakupenda kuulizwa maswali. Ukiacha familia, alichorudi nacho kilikuwa sanduku la bati lenye koleo, bisibisi nne na testa ya kupimia umeme.

Shamba la michikichi la babu yake, nje kidogo ya Rumonge, alilikuta limekuwa la watu wengine, tena watu wenye watoto na makaburi humo. Alilifuatilia mwaka mmoja, akachoka, akalifungua lile sanduku la bati. Miaka kumi na sita baadaye hapakuwa na mtaa wa Rumonge ambao hakuwa ameutundikia taa. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na papara. Aligusa waya kama anayemshika kuku aliyelala.

Hata hivyo kulikuwa na jambo alilolificha tangu siku ya kwanza. Hakujua Kifaransa. Kule Mpanda alifundishwa kusema fyuzi, swichi, na ethi kwa waya wa ardhini. Huku wenzake walisema fizibu, enterupteri, masi. Maneno ya mdomo aliyazoea upesi, lakini karatasi zilimshinda. Kila chombo kilikuja na karatasi yake, na mwenye nyumba alimkabidhi fundi karatasi hiyo kwa heshima, kama mgonjwa anavyompa daktari cheti. Revokatus aliitazama kwa muda, akatikisa kichwa polepole kama anayekubali, akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Kisha alifanya kazi kwa macho na mikono yake, na mara nyingi ilitosha.

Binti yake mkubwa, Jovita, alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari hapo hapo mjini, naye, tofauti na ndugu zake wawili waliokwisha kuhama, bado aliishi kwa wazazi wake. Mtu angedhani hilo lingemrahisishia baba mambo. Lakini Jovita alikuwa amekipata Kifaransa hicho kwa machozi. Walipofika mwaka 2008 alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akarudishwa darasa la pili kwa sababu ya lugha, akakaa na watoto waliomfikia kifuani. Siku hizo Revokatus alimwambia kila asubuhi kwamba lugha ni kitu kidogo, haimshindi mtu mwenye akili. Sasa angewezaje kumwendea na karatasi mkononi na kumwambia kwamba yeye mwenyewe ilimshinda?

Mwaka huu likaongezeka jingine. Revokatus alianza kusahau. Mwezi wa pili alipanda basi dogo mpaka Muhuta kufunga taa za nyumba moja, akashuka, akasimama kando ya barabara na sanduku lake, asijue tena ni nyumba ipi. Alisimama hapo mpaka mwenye nyumba akaja kumtafuta. Siku nyingine alimwita Jovita kwa jina la shangazi yake aliyezikwa Mishamo. Hakumwambia mtu. Alijiambia ni uchovu, halafu akajiuliza ni uchovu wa nini, maana kazi zilikuwa chache.

Akiwa katika hali hiyo aliitwa na Kaoutar.

Kaoutar, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Djibril, alikuwa mjane wa Kiislamu aliyekaa Rumonge tangu kuzaliwa kwake. Kazi yake ilikuwa kupikia harusi na hitima. Alikaanga samaki wa mukeke na sambusa kwa mafuta mengi, juu ya majiko ya makaa, katika jiko lenye dirisha dogo kama la msikiti, na kwa miaka miwili sasa kifua kilikuwa kikimbana. Mwanawe Djibril, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alimtumia feni ya kuvuta moshi. Ilifika ndani ya boksi jeupe, mkononi mwa msafiri.

“Amahoro, fundi,” alimsalimu Revokatus mlangoni. “Mutoto ametuma mashini ya kunitoa mu moshi. Na karatasi yake iko hapa. Iko na Kiingereza, iko na Kifaransa, iko na lugha zingine za huko. Sasa hakuna kitu itakupita.”

“Murakoze, Mama Djibril,” Revokatus akamshukuru, akaipokea karatasi, akaitazama, akatikisa kichwa polepole.

Feni yenyewe ilikuwa ya duara, nyeupe, ya kupachikwa ukutani kwenye tundu. Alipoifungua nyuma, alikuta mahali pa kufungia waya tatu. Penye herufi L palimweleza kwamba ndipo unapoingia umeme. Penye N palimweleza kwamba ndipo unaporudi. Pa tatu palikuwa pameandikwa LT, herufi asizozijua.

Katika maisha yake yote, chombo chenye waya tatu kilikuwa na waya wa tatu mmoja tu, ule unaokwenda ardhini ili mtu asirushwe. Lakini ule wa ardhini huwa na alama yake, kijiti chenye vistari vitatu chini, na hapa haikuwepo. Aliifungua karatasi, akaona michoro na maneno yamejazana. Kitu kimoja alikitambua kwa urahisi, kwa sababu tarakimu hazina lugha: 3A. Fyuzi ya ampia tatu. Aliitafuta madukani adhuhuri ile, wakamwambia hawana. Kule Tanzania fyuzi hukaa ndani ya plagi yenyewe, ile ya miguu mitatu mipana, unaifungua plagi na kuweka unayotaka. Plagi za Burundi zina miguu ya duara na ndani yake hamna fyuzi. Kinacholinda nyumba ni vikata umeme vilivyopangwa ukutani karibu na mita, na cha taa kwa Mama Djibril kilikuwa cha ampia kumi. Tatu na kumi, Revokatus akajiambia, haziko mbali sana.

Akafunga waya wa swichi ya taa penye L, wa kurudi penye N, na LT akaifunga ardhini. Akabonyeza swichi ya jikoni. Taa ikawaka, feni haikuzunguka.

Akapima kwa testa. Umeme ulifika penye L bila shida. Akazungusha mapanga kwa kidole, yakazunguka laini kabisa. Kila kitu kilikuwa kizima na hakuna kilichofanya kazi. Akaifungua tena, akauondoa ule waya ardhini, akaanza kujaribu. Alijaribu hivi na vile mpaka alasiri, akibadilisha waya, akizima na kuwasha, huku Kaoutar akipita na vyungu na kumwombea dua. Mwishowe waya uliotoka kwenye swichi ukawa mfupi kwa kukatwakatwa, haukufika penye L. Basi akaufunga penye LT, kwa sababu ndipo ulipofika, na penye L akaleta umeme mwingine, ule unaokuwepo wakati wote, uliopita juu ya mlango. Akabonyeza swichi. Feni ikanguruma, na moshi wa makaa ukainama na kuelekea ukutani.

Kaoutar akacheka mpaka akakohoa. Revokatus alifunga sanduku lake akaondoka, lakini njiani hakuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Hakujua kwa nini ilikuwa imezunguka.

Siku ya tatu Kaoutar alimpigia simu. “Baba Jovita, feni inazunguka na taa nimezima.”

“Umezima kabisa?”

“Kabisa. Nimebonyeza, jikoni iko giza, yenyewe inaendelea.”

Alikwenda mbio. Alipofika feni ilikuwa imetulia. Akawasha, ikazunguka. Akazima, na kweli, ikaendelea kuzunguka. Akachomoa testa, akapima swichi. Swichi ilikuwa imekata. Akapanda kwenye kiti akapima taa. Taa haikuwa na umeme. Akaegemea ukuta, akaitazama feni ikizunguka peke yake, akaendelea kuitazama, akifikiria waya unaovuja, swichi mbovu, ukuta wenye unyevu wa ziwa. Kisha, bila mtu kuigusa, ikasimama.

“Umeona?” Kaoutar akamuuliza.

“Nimeona.”

“Ni nini?”

Revokatus alifungua kila tundu lililokuwa na waya katika nyumba ile, akafunga upya. Akajaribu tena. Feni ilizunguka baada ya taa kuzimwa, ikakaa, ikakaa, ikasimama. Mara ya tatu alihesabu moyoni ili ajue inachukua muda gani, akasahau amefika ngapi. Jambo hilo lilimtisha kuliko feni yenyewe. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akajiuliza kama kweli alikuwa ameizima, au alidhani ameizima, au kama Mama Djibril alikuwa amemwambia kitu ambacho hakukisikia.

“Majirani wanasema nisome Yasini jikoni,” Kaoutar alisema kwa sauti ya chini. “Nimewambia nitasoma, lakini mbele nikuite wewe.”

Juma lile Revokatus hakulala vizuri wala kula vizuri. Mkewe alikuwa Kabonga akimuuguza dada yake, kwa hiyo nyumbani walikuwa yeye na Jovita tu. Jovita alimuuliza mara mbili ana nini, akajibu hana kitu. Karatasi ya feni ilikuwa katika mfuko wa shati, na kila alipoinama kula aliisikia ikikwaruza.

Jumatatu alirudi kwa Kaoutar na uamuzi. Kwa kuwa hakuweza kuielewa feni ile, angeinyima nafasi ya kufanya mambo yake. Aliitenga na taa kabisa. Akaunganisha L na LT pamoja, akaifungia plagi ya miguu ya duara, akaichomeka kwenye tundu la ukutani, lile linalolindwa na kikata umeme cha ampia kumi na sita.

“Ukitaka izunguke, chomeka,” alimwambia Kaoutar. “Ukitaka isimame, chomoa. Haina ujanja tena.”

Ikawa hivyo. Ilizunguka ikichomekwa na kusimama ikichomolewa. Kaoutar alimshukuru, na Revokatus akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu aione feni ile. Kama kuna jambo alilolijutia baadaye, ni pumzi hiyo.

Ilikuja harusi kubwa ya watu wa sokoni. Kaoutar alipika siku mbili mfululizo, na kwa siku mbili zote hakuichomoa feni hata mara moja, kwa sababu haikuwa karibu na mkono wake na moshi ulikuwa mwingi. Mvuke wa mafuta uliganda kwenye mapanga, ukachanganyika na vumbi la makaa, ukawa kama lami. Jumamosi, saa nne asubuhi, simu ya Revokatus ililia akiwa juu ya ngazi ya mbao, dukani kwa mtu mmoja.

“Baba Jovita, moto iko mu feni.”

Rumonge umeme wanauita moto. Ni namna ya Kirundi, lugha inayoita moto na umeme kwa neno moja, iliyoingia katika Kiswahili cha hapo, na Revokatus aliyekulia Mishamo alikuwa ameizoea. Siku ile umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu alfajiri na ulikuwa umerudi kitambo kidogo.

“Ndiyo, umerudi, hata huku umerudi,” akajibu kwa utulivu. “Sasa chomeka tu.”

“Moto, fundi.”

“Ndiyo, mama. Nimesikia.”

“Moto wa kuunguza,” Kaoutar alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Ninauona kwa macho.”

Hakukumbuka baadaye alivyoteremka ngazi ile. Alikumbuka tu kwamba njia ya kwenda kwa Kaoutar, aliyoipita mara mia, ilimpotea kwenye kona ya mashine ya kukamua mawese. Alisimama pale akigeuka huku na huku kama mgeni, pua yake ikitafuta moshi ambao katika mji wa mawese uko kila mahali. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mise, zile kokwa za michikichi, akamwonyesha kwa kidole bila kuulizwa.

Alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Kaoutar alikuwa amekimbilia ukutani penye mita akashusha kikata umeme kikubwa, kisha akaifunika feni kwa gunia lililolowa. Ukuta ulikuwa umepigwa weusi mpaka darini. Plastiki nyeupe ilikuwa imeyeyuka ikaning'inia kama nta. Kiganja cha kulia cha Kaoutar kilikuwa kimebabuka, na alikuwa amekitumbukiza katika beseni la maji huku akiwaelekeza wasaidizi wake watoe mchele jikoni kabla haujanuka.

“Nisamehe,” Revokatus alisema.

“Nikusamehe nini? Wewe ndiye umeiwasha moto?”

“Sijui, Mama Djibril. Kweli sijui.”

Kaoutar alikuwa amezoea kumsikia fundi huyu akisema mambo machache, lakini hakuwa amewahi kumsikia akisema hilo.

Revokatus aliichukua feni iliyoungua ndani ya ndoo, akaipeleka kwa Mulamba, Mkongomani wa Uvira aliyesuka upya waya za mota za mashine za mawese katika kibanda kilichokuwa karibu na bandari. Mulamba aliivunja ile plastiki kwa patasi, akanusa.

“Ilikwama,” akasema. “Mafuta yameshika mapanga, mota inataka kuzunguka, haiwezi. Inapata joto, waya za ndani zinavuliwa ganda, zinagusana. Kutoka hapo inakunywa umeme mingi kuliko yake. Uliilinda na ngapi?”

“Kumi na sita.”

Mulamba akapiga mluzi mdogo. “Hii kitu ni kama mutoto muchanga, baba. Kumi na sita itaiangalia inaungua mpaka mwisho, haitajua hata kama kuna mutu analia.” Kisha akachomoa kibao kidogo cha kijani kilichokuwa nyuma ya mota, akakigeuza. “Na hii ni nini? Feni ya kuvuta moshi, na iko na akili ndani? Karatasi yake inasema nini?”

“Imepotea,” Revokatus alisema, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

Mulamba aliuona mkono ule, akainama kwenye kazi yake. Revokatus alikwenda nalo jambo hilo hadi nyumbani.

Jumapili, baada ya misa, Jovita alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Revokatus alivuta kiti, akaketi mbele yake, akatoa karatasi. Ilikuwa imelowa jasho na kukauka mara nyingi hata ikawa laini kama kitambaa.

“Nisomee,” akasema.

Jovita aliipokea. Alimwangalia baba yake, akaangalia karatasi. “Tangu lini uko nayo, papa?”

“Tangu mwanzo.”

“Na zile zingine? Za pampu ya wamisionari, za friji ya shule yetu?”

“Hizo pia.”

Jovita akaisogeza kalamu nyekundu pembeni. Hakucheka wala kumpa pole. Alianza kusoma kwa Kifaransa taratibu, kama darasani, kisha akageuza kila sentensi kwa Kiswahili. Haikuwa rahisi kama Revokatus alivyodhani kwa miaka yote ile. Maneno aliyajua Jovita, vitu alivijua baba, na kila mmoja alikuwa na nusu.

“Inasema kuna ‘temporisation’,” Jovita akasema. “Sijui mnaitaje. Ni kitu cha kuchelewesha.”

“Kuchelewesha nini?”

“Subiri. ‘Ni kawaida kwamba feni inaendelea kuzunguka baada ya taa kuzimwa. Itasimama yenyewe baada ya dakika kumi na tano.’”

“Rudia.”

Akarudia.

“Wameandika hivyo? Ni kawaida?”

“Ni kawaida. Iko hapa, papa, ona. ‘Normal’.”

Revokatus aliweka kidole juu ya neno lile. Akamwomba asome habari za waya wa tatu. Jovita akasoma kwamba L ipate umeme wa wakati wote, na LT ipate umeme unaotoka kwenye swichi ya taa. Akasoma tena kwamba feni na swichi yake zote zipite kwenye fyuzi moja isiyozidi ampia tatu. Revokatus aliomba kalamu, akachora nyuma ya daftari la mwanafunzi mmoja. Mchoro ulipokwisha, akautambua. Ulikuwa ule ule alioufunga siku ya kwanza, kwa sababu waya ulikuwa mfupi.

“Nilikuwa nimepatia,” alisema.

“Nini?”

“Feni nilikuwa nimeifunga sawasawa, kasoro fyuzi. Kisha nikaifungua kwa mikono yangu, kwa sababu ilifanya inavyotakiwa.”

Jovita alidhani baba yake angefurahi, lakini hakufurahi. Alikaa akitazama ule mchoro, asijue ni kipi katika mwili wake cha kukiamini tangu sasa, kichwa kilichomwambia amekosea au mikono iliyopatia bila kujua. Na kama feni ilikuwa na sababu yake, je, ile siku ya Muhuta? Na kona ya mashine ya mawese? Hapo ndipo alipomweleza Jovita yote, kusahau nyumba, kusahau kuhesabu, kumwita kwa jina la marehemu. Alieleza vibaya, akirukaruka, akarudia mambo mawili mara mbili. Jovita alimsikiliza mpaka mwisho, akasema Jumatano hana vipindi, watakwenda hospitali pamoja.

Hospitali walimpima shinikizo la damu, wakaliona liko juu sana. Daktari alimwuliza anaitwa nani, leo ni siku gani, mia ukitoa saba ni ngapi. Akapewa vidonge na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Alipouliza kama ni shinikizo linalomsahaulisha, daktari alisema kwa Kifaransa kwamba inawezekana, na inawezekana pia si hilo. Jovita alitafsiri maneno hayo kwa uangalifu, na Revokatus akagundua kwamba kwa Kiswahili yalibaki yale yale.

Mulamba aliisuka mota upya na kuichongea feni kifuniko cha bati. Kuhusu kile kibao cha kijani, alisema Mungu mkubwa, moto haukukifikia. Shida ilibaki fyuzi. Ndipo Mulamba alipovuta kutoka chini ya meza debe lililojaa plagi za miguu mitatu mipana. Watu wa Rumonge hununua redio na pasi kutoka Kigoma, wanakuta plagi zake haziingii kwenye kuta za Burundi, wanazikata na kuzitupa. Mulamba huziokota kwa ajili ya shaba. Wakaketi wawili chini wakazifungua moja moja. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Tano. Kumi na tatu. Katika plagi ya ishirini na kitu, iliyotoka kwenye redio ya zamani, Revokatus akasoma tarakimu kwenye fyuzi, kigae kidogo chenye vichwa vya shaba, akampa Mulamba asome pia, kwa sababu hakutaka kuyaamini macho yake peke yake.

“Tatu,” Mulamba akasema.

“Ile karatasi haikupotea,” Revokatus akamwambia.

“Najua, baba.”

Jikoni kwa Kaoutar alipachika ukutani tundu la plagi la Kitanzania, akachomeka humo plagi yenye fyuzi ile, na umeme wote wa taa ya jikoni na wa feni ukapita hapo kabla ya kwenda popote. Alimweleza kila hatua. Alimwambia pia kwamba kile alichokiona siku ya tatu hakikuwa kitu cha kusomewa Yasini, kwamba feni ilipewa dakika kumi na tano za kumalizia moshi, na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu kwa sababu hakujua kusoma karatasi yake.

Kaoutar alikuwa bado amefunga kiganja kwa kitambaa. “Lakini ulitikisa kichwa,” akasema. “Nilikupa karatasi, ukatikisa kichwa.”

“Nilitikisa.”

“Ulikuwa unakubali nini?”

Kaoutar akamwambia apanguse mapanga kila Ijumaa yeye mwenyewe, mpaka kiganja kipone, na hiyo ndiyo iwe adhabu yake. Akakubali. Ijumaa mbili za kwanza alikwenda, ya tatu akasahau, akaenda Jumamosi.

Mwezi uliofuata aliitwa Kabezi, kwenye nyumba mpya ya mfanyabiashara aliyeitwa Roger, iliyokuwa na mashine ya kuvuta moshi kubwa kama jeneza juu ya jiko la gesi. Kabla hajafungua sanduku lake aliomba karatasi. Roger akamletea. Revokatus aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu alidhani macho yanamchezea.

“Hii ni lugha gani?” akauliza.

“Kichina, nadhani. Wewe fundi hujui?”

“Sijui,” Revokatus alisema. “Leo sitafunga kitu. Nitafutie mtu anayeisoma, kisha unipigie simu.”

Roger alibaki mlangoni na karatasi mkononi, haelewi kama amekataliwa au amehudumiwa. Revokatus alibeba sanduku lake mpaka barabarani, akasimama upande wa ziwa kusubiri basi la kwenda kusini, kisha akamuuliza mama mmoja aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kama huo ndio upande wenyewe. Akaambiwa ndio.